Shangazi mmoja, viwanja viwili vya ndege

Ni saa mbili asubuhi, na mwanamke aliyevaa kizibao cha rangi ya chungwa anatembea kwenye maegesho ya ndege huku ameinama, kama mtu aliyedondosha hereni. Anaokota kokoto. Akiona msumari anaokota. Akiona kifuniko cha soda anaguna, anakitia mfukoni na kuendelea.

"Kokoto moja ikivutwa na injini, habari imekwisha," anasema bila kuinua kichwa. "Wewe utaiona ndogo. Injini haina habari na udogo wake."

Muda si mrefu ndege inatua. Anaziba masikio kwa vizibo, anachukua vibao vyake viwili na kwenda kusimama mbele ya ndege inayomjia. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, polepole, polepole zaidi, kisha vibao vinakutana juu ya kichwa chake. Ndege inasimama kwenye mstari. Abiria wanaoshuka hawawezi kujaza meza moja ya chakula.

Wenzake wanamwita Trafiki, na ameshazoea. Ana umri wa miaka arobaini na mmoja, ni mama wa watoto wawili na mke wa fundi seremala. Kazi yake ni kumwonyesha rubani pa kuegesha. Zamani alipokea ndege nne kwa siku. Sasa ni mbili kwa wiki.

"Zamani nilikuwa nalalamika mikono inauma," anasema. "Siku hizi inauma kwa kukaa bure."

Kilichoufikisha uwanja huu hapa ni kisa ambacho mwandishi wa makala haya alipokisikia mara ya kwanza alidhani anachezewa shere. Alikwenda kuwauliza wahusika mmoja mmoja. Kila mmoja alikisimulia vilevile, na kila mmoja alishika kichwa alipofika katikati.

Upande wa pili wa milima, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi, kuna uwanja mwingine wa ndege. Ukubwa ni uleule, shida ni zilezile. Kwa miaka mingi viwanja hivi viwili vimekuwa vikitazamana kama wake wenza. Wa kule wakipaka rangi vyoo, wa huku wanapaka na kuweka maua. Wa huku wakinunua mashine ya kahawa, wa kule wananunua mbili.

"Na moja yao haikuwahi kufanya kazi," anasema Trafiki, akicheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Mwaka jana ushindani ukawa wa kufa na kupona. Shirika moja la ndege lilitangaza kwamba linataka kuanzisha safari mpya katika ukanda huu, kwa ndege kubwa kuliko zote zilizowahi kutua hapa. Wajumbe wake wangetembelea viwanja vyote viwili, leo hapa, kesho kule, kisha wachague mmoja.

Meneja wa Trafiki hakungoja. Alimpeleka mafunzoni ili ajifunze kupokea ndege ya ukubwa huo, akarudi na cheti. Wa kule hawakuwa na mtu wa namna hiyo. Huku watu wakaanza kutembea vifua mbele.

Lakini ukumbi wa abiria ulikuwa mtupu, na ukumbi mtupu haudanganyiki kwa maua. Ndipo meneja alipowaita wafanyakazi na kuwaomba kila mmoja alete ndugu wawili watatu, wamevaa vizuri, na mabegi.

"Alisema, 'Waje wakae tu. Waonekane wanasubiri ndege,'" anakumbuka Trafiki. "Hakuna aliyepinga. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema shangazi yangu anafaa."

Na kweli anafaa. Shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba yake, ni mjane mwenye sauti inayofika jikoni kwa jirani. Hajawahi kupanda ndege. Siku hiyo alifika na gauni lake la kwendea harusi za watu, kilemba cha zambarau na begi la kijani ambalo ndani yake alikuwa ametia mito miwili ili livimbe.

Wajumbe walipoingia, ukumbi ulikuwa umefurika. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye miwani, akakaa karibu na shangazi na kumuuliza anakwenda wapi.

"Nakwenda kumwona binti yangu, amejifungua," shangazi akajibu bila kupepesa. Binti yake mdogo kuliko wote ana miaka hamsini.

Mjumbe akampongeza. Meneja alikuwa nyuma yao, uso ukimng'aa. Jioni ile wafanyakazi walikunywa soda wakijua wameshinda.

Kumbe uwanja wa pili nao ulikuwa umepata wazo hilohilo.

Mume wa mdogo wake Trafiki anapakia mizigo kule. Naye aliambiwa alete ndugu waliovaa vizuri. Naye akamfikiria mtu yuleyule. Alimpigia simu shangazi usiku uleule, na kwa kuwa kazi ilikuwa ya siri, hakumwambia Trafiki. Shangazi naye hakuona la ajabu. Asubuhi akapanda basi na begi lake la kijani.

Mwandishi alimkuta nyumbani kwake akichambua mchele. Alipoulizwa kwa nini alikwenda, alishangaa kuulizwa.

"Mwanangu, mkwe ameniomba. Ningemnyima nini?" alisema. "Mimi nilijua kila uwanja una wageni wake. Nani aliniambia ni walewale?"

Walikuwa walewale. Mama mwenye miwani aliingia ukumbini, akapita safu ya kwanza, akapita ya pili, akasimama. Shemeji mtu, aliyekuwa mlangoni na toroli, anasema alisikia kila neno.

"Mama, jana si ulikuwa unasafiri?" mjumbe akauliza.

"Nimesafiri, mwanangu. Si unaniona nimefika?"

"Kwa ndege gani?"

"Ndege? Ndege iko wapi? Nimekuja na basi."

Mzee mmoja akainuka kimya kimya akaelekea mlangoni, na wengine wakamfuata, mabegi wakiyaacha. Katika kupishana mtu akaligonga begi la kijani, likaanguka, likafunguka, na mito miwili ikatoka sakafuni mbele ya viatu vya mjumbe. Meneja wa kule, kwa maelezo ya shemeji, alibaki akitabasamu peke yake kama picha ya ukutani.

Habari ziliuvuka mlima kabla ya saa sita mchana. Trafiki alikuwa kwenye maegesho.

"Nilikaa chini. Pale pale kwenye lami," anasema. "Nilihisi joto la lami lakini sikuweza kuinuka. Nilikuwa nasema tu, shangazi, shangazi, shangazi."

Kila mtu aliamini viwanja vyote viwili vimejikaanga kwa mafuta yao. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kuliko kawaida. Ndiyo maana uamuzi wa shirika ulipotoka, mshtuko wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Wa kule wamechaguliwa.

Meneja wa huku alimweleza mwandishi sababu huku akikunja na kukunjua miwani yake. Baada ya fedheha ile, mama wa miwani alikwenda kukaa na shangazi nje, kituo cha basi kilipo, getini kabisa pa uwanja ule. Akamuuliza basi linachukua muda gani, linajaa, watu wa huku huenda kule mara ngapi. Shangazi, mtu wa watu, akamjibu yote. Basi ni zuri. Linajaa kila siku. Mtu anakunywa chai kwake na kufika kabla haijaisha tumboni.

"Basi wakaona," alisema meneja. "Wakaona kama watu wetu wanafika kule bila taabu, uwanja mmoja unatosha miji miwili. Na kule ndiko barabara kuu ilipo. Sisi wenyewe tuliwapelekea shahidi."

Hajamfukuza Trafiki. Hawezi, kwani hapa ndiye pekee aliyefuzu kupokea ndege, na bila yeye hata ndege hii ya mara mbili kwa wiki haina ruhusa ya kupokelewa. Ila salamu zimepungua. Akiingia chumba cha chai, mazungumzo hugeuka hali ya hewa. Kuna aliyemuuliza kama shangazi anakodishwa kwa harusi pia.

"Nilicheka naye," anasema. "Kisha nikaenda chooni nikalia."

Mwandishi, aliyekuwa ameketi naye ndani, alidhani kisa kimeishia hapo, akafunga kalamu. Trafiki akaangalia mlango, akasogeza kiti.

"Kuna jingine," akasema. "Kule wameniita."

Ndege kubwa inaanza safari mwezi ujao, na wa kule bado hawana mtu wa kuipokea. Shemeji ndiye aliyeleta ujumbe. Nafasi ni ya kudumu. Cheti ambacho uwanja huu ulimlipia ili uushinde ule, sasa ndicho kinachotakiwa na ule.

Alimuuliza kama ameshawajibu.

"Nimewajibu ndiyo. Juzi." Alisema haraka, kama mtu anayemeza dawa. "Mume wangu peke yake ndiye anayejua. Aliniambia usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamwambia, mume wangu, mbacha wenyewe umebaki matundu. Watoto walale kwenye matundu?"

Anajua atakavyoitwa. Kwanza shangazi amewapa wa kule ndege, sasa yeye anawapelekea mikono. Analisema mwenyewe, na macho yanamjaa machozi, na hayafuti.

Lakini amewapa wa kule sharti. Hataanza mpaka amfundishe mlinzi wa geti la hapa, mwanamke ambaye kwa miaka amekuwa akiiga ishara zake kwa utani kila ndege inapokuja. Akifaulu mtihani, uwanja huu hautafungwa kwa kukosa mtu. Wa kule wamekubali. Mlinzi mwenyewe bado hajaambiwa, wala meneja.

Mwandishi alimuuliza, kwa woga kidogo, kama sehemu hii iachwe isiandikwe.

Trafiki alitazama dirishani. Nje mlinzi alikuwa akilifungulia geti gari la mafuta.

"Andika," akasema. "Nimeshaona mambo ya kufichana yanavyoishia. Gazeti likitoka nitakuwa kazini kama kawaida. Mwenye la kunitukana aje anitukane mimi, shangazi yangu amwache achambue mchele wake."