Nilibisha Hodi Nisisikike

Bibi alinikaribisha, nami nikasikia. Naanza na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana najijua! Nikiachiwa nafasi nitaleta sababu kumi, na zote zitasikika nzuri. Sina sababu. Nilisikia "karibu" kwa masikio yangu mawili, nikageuka nikaondoka.

Jina langu liacheni. Mimi ni mwanamke, mzaliwa wa Kwaluguru kule Handeni, na haya ninayoyasema yalitokea nikiwa kidato cha tano, nasoma bweni Korogwe. Rafiki aliyejua alikuwa mmoja tu, na huyo haongei nami tena.

Shuleni tulikuwa na klabu ya huduma. Tulivaa vitambaa vya kijani shingoni, na kila Jumamosi asubuhi tulipewa ruksa kutoka nje ya geti kwenda kuwasaidia wazee: kuchota maji, kufua, kufagia uwanja, kuokota kuni. Tulikwenda wawili wawili, na kila wawili walikuwa na mzee wao. Mimi na rafiki yangu Zuhura tulipewa Bibi Agnesi.

Bibi Agnesi alikaa kwenye nyumba za kambi ya zamani ya mkonge, zile za chumba kimoja kimoja zilizopangwa mstari. Baba yake alikuja manamba kutoka Songea kukata mkonge, akazikwa hapohapo. Mume naye akazikwa hapohapo. Mtoto wake mmoja wa kiume alikwenda machimboni, hakuleta tena habari. Kwa hiyo bibi alibaki na kuku watatu, redio isiyo na betri, na sisi.

Na alikuwa muongeaji! Jamani, yule bibi aliongea! Ukiitua ndoo tu, "Kaa kwanza, mjukuu wangu, nikwambie." Atakwambia habari ya kengele ya alfajiri kambini. Atakwambia ngoma za Jumapili, kila kabila na yake. Atakwambia ya nyapara mmoja mkali aliyekimbizwa na nyuki mpaka akajitumbukiza kwenye pipa la maji. Zuhura alicheka mpaka akajishika mbavu. Mimi nilicheka mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu nikaanza kuangalia jua limefika wapi.

Basi ikatangazwa klabu itapata mgeni rasmi, na mimi nikachaguliwa kusoma risala. Mimi! Kichwa kilivimba, sitaki kudanganya. Risala ilikuwa kurasa nne, na mwalimu mlezi wetu alitaka niisome bila kuangalia karatasi. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Wiki hiyohiyo Zuhura akaugua malaria, kaka yake akaja kumchukua akapumzike kwao. Nikabaki na bibi peke yangu.

Sasa sikia ujanja wangu. Nyumbani nilifundishwa, na wewe naamini ulifundishwa: ukifika kwa mtu unabisha hodi mara tatu. Usipoitikiwa, unaondoka, wala huchungulii. Klabu nayo ilikuwa na sharti hilohilo. Jumamosi jioni kila mmoja alisimama kutoa taarifa, na aliyesema "nilibisha hodi tatu, kimya" hakuulizwa swali la pili.

Mimi nikafika mlangoni kwa bibi, nikavua viatu nisilize kokoto, nikasogeza mdomo karibu na bati la mlango, nikanong'ona: hodi. Hodi. Hodi. Sisimizi aliyekuwa kizingitini labda alisikia!

Nikaenda zangu kwenye ngazi za ghala bovu lililokuwa karibu na pale, nikatoa risala nikaanza kukariri. Ukurasa wa pili ulisema kwamba sisi vijana wa klabu hatutakubali wazee wetu waishi kwa upweke. Huo ndio niliushika haraka kuliko zote.

Jioni nikasimama na uso mkavu. "Nilibisha hodi mara tatu, sikuitikiwa."

"Safi," mwalimu akasema. "Hatuingii kwa mtu bila kukaribishwa."

Wala haukuwa uongo! Hilo ndilo lililonifurahisha, kwamba haukuwa uongo. Jumamosi ya pili nikafanya vilevile, na uongo huo usio uongo ukapita tena.

Jumamosi ya tatu nikavua viatu kama kawaida. Nikanong'ona hodi ya kwanza. Nikanong'ona ya pili. Kabla sijafungua mdomo kwa ya tatu, sauti ikatoka ndani, karibu kabisa na mlango.

"Karibu! Karibu, mjukuu wangu, nakuja. Usiondoke!"

Alisema usiondoke. Hilo neno ninalo mpaka leo.

Nikasimama pale kama mwizi. Nikafikiria ndoo tatu za maji, nguo za kufua, nyapara na nyuki wake. Risala ilikuwa Jumatatu na ukurasa wa nne ulikuwa bado unanipiga chenga. Nikasema moyoni, hajaniona, atadhani amesikia vibaya. Nikarudi nyuma kwa ncha za vidole. Nilipofika kwenye kona ya nyumba nikasikia ndoo imeanguka mle ndani, kishindo kikubwa.

Ni kuku, nikajiambia. Kuku kaangusha ndoo. Lo! Kuku gani mwenye kishindo kile?

Nikaenda kukariri ukurasa wa nne.

Jirani yake, Mama Shabani, ndiye aliyemkuta, saa nane mchana, aliporudi shamba. Bibi alikuwa ameiweka ndoo nyuma ya mlango tangu asubuhi, makusudi, ili mimi nikiingia niione nisihangaike kuitafuta. Alipoinuka haraka kuja kunifungulia akajikwaa kwenye ndoo hiyohiyo. Akavunjika nyonga. Aliita akachoka. Mstari mzima wa nyumba watu walikuwa mashambani, na aliyekuwa karibu nilikuwa mimi, pale kwenye ngazi za ghala, nasoma kwa sauti mambo ya kuwajali wazee.

Mama Shabani alikuja shuleni na jembe lake begani kutupa habari. Mwalimu akaniita. "Wewe leo si ulikwenda?"

"Nilikwenda, mwalimu. Nilibisha hodi tatu, sikuitikiwa."

Hodi zilikuwa mbili. Na niliitikiwa. Safari hii ulikuwa uongo wenyewe.

Jumapili tukaenda hospitali klabu nzima, vitambaa shingoni, uji kwenye chupa ya chai. Niliingia wodini wa mwisho. Nilijua nimekwisha. Mwalimu akainama pale kitandani.

"Shikamoo, bibi. Pole sana. Ilikuwaje?"

"Marahaba, mwalimu." Akatuangalia mmoja mmoja mpaka akanifikia. "Huyu mjukuu wangu alikuja. Alibisha hodi vizuri tu. Masikio yangu haya, mpaka ninyanyuke alikuwa ameshaondoka. Msimlaumu." Akanyoosha mkono akanishika vidole. "Nisamehe, mwanangu, nilikupotezea safari."

Aliniomba msamaha! Mimi! Mbele ya watu wote wale!

Na mimi nikajibu nini? Nikasema, "Usijali, bibi." Mdomo huuhuu ninaolia chakula.

Jumatatu nikasoma risala. Sikukosea hata neno moja. Mgeni rasmi alisimama kupiga makofi, na mwalimu akanitaja mbele ya shule kwamba mimi ndiye niliyeendelea kwenda kwa bibi hata mwenzangu alipougua. Nikapewa cheti. Jioni gari la shule likatupeleka Mombo, tukanunuliwa mishkaki na ndizi za kuchoma pale wanapokula abiria wa mabasi. Wenzangu waliimba njia nzima. Mimi nilitafuna kipande kimoja cha nyama tangu tulipofika mpaka tulipoondoka.

Zuhura aliporudi nikashindwa kukaa nalo. Nikamwambia yote tukiwa tunafua nguo nyuma ya bweni. Nilitegemea ataniambia pole, ataniambia hukukusudia. Yeye akaacha kufua.

"Kwa hiyo ndoo uliisikia?"

"Niliisikia."

Akakusanya nguo zake, nyingine zikiwa bado na povu, akahamia bomba lingine. Hakunisema kwa mtu yeyote. Lakini hakuja tena kukaa kitandani kwangu, wala hakunisubiri kwenda bwaloni. Salamu aliitikia. Bora angenitukana!

Zuhura alikwenda hospitali kila Jumamosi. Mimi mara kichwa kinauma, mara nina mtihani. Baada ya miezi miwili tukasikia bibi amechukuliwa na binti wa marehemu dada yake, aliyeolewa Mpale, kule juu milimani. Unajua nilifanyaje? Nilishukuru! Nilisema, sasa ameondoka, na mambo yameondoka naye.

Wapi! Yalibaki na mimi.

Sasa hivi nimepanga chumba Handeni mjini, nauza kwenye duka la pembejeo la mtu. Nina shida moja ambayo watu hawaielewi: siwezi kubisha hodi. Nikifika mlangoni kwa mtu nasimama, narudi. Misiba nimeikosa, maulidi nimeyakosa, jirani kajifungua ukuta wa pili sikwenda kumwona mtoto. Wanasema naringa. Na wao wameacha kuja kwangu, na siwalaumu. Jumamosi duka likifungwa mapema nakaa chumbani. Nikisikia hodi najikuta nimesimama, kumbe ni ya mlango wa pili. Nakaa tena.

Mwaka jana nikasema hapana, nitakufa hivi. Nikamtafuta Mama Shabani pale kambini, akanielekeza. Nikanunua sukari, mkate na kitenge, bodaboda ikanipandisha Mpale kwenye ukungu, meno yanagongana. Nilipofika kwenye ile nyumba nikabisha hodi kwa sauti ya juu mpaka mbwa wa jirani wakabweka.

"Karibu," sauti ikatoka ndani. Ileile, imepungua tu.

Alikuwa amelala kitandani. Hajatembea tangu siku ile. Yule binti wa dada yake akanipa kigoda akatoka kwenda kuangalia moto. Sikukalia kigoda. Nikapiga magoti.

"Bibi, siku ile nilikusikia. Uliniambia karibu, nikakusikia."

"Najua," akasema.

Sikuwa nimejiandaa kwa jibu hilo.

"Mlango wangu ulikuwa na nafasi kule chini, mjukuu wangu. Nilikuwa nimekaa palepale nakungoja. Niliiona miguu yako, peku. Jumamosi zote tatu niliiona. Mbili za kwanza nikasema, ngoja, labda ataita kwa nguvu. Ya tatu nikaona bora nikuitikie tu."

"Sasa mbona hukusema, bibi? Mbona ulinisitiri mbele ya mwalimu?"

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mtu mzima, yeye mtoto aliyeulizwa swali gumu.

"Ningesema, ungerudi?"

Nisomee tena hapo, wewe unayesoma. Alinisitiri ili nirudi! Aliona nikiaibishwa sitarudi, akabeba lawama yeye na nyonga yake iliyovunjika, akanipa nafasi ya kurudi. Mimi nikaichukua ile nafasi nikakimbia nayo. Aliningoja hospitali. Aliningoja Mpale.

Nililia kwa sauti mpaka yule binti wa dada yake akachungulia. Nikasema nisamehe bibi, nimerudi. Akasema alinisamehe palepale wodini, nisijitese. Nikafuta uso kwa kitenge nilichomletea, nikajivuta karibu na kitanda.

"Basi nisimulie, bibi. Leo sina haraka. Nisimulie ya yule nyapara na nyuki."

Akafumba macho. Akatafuta kwa muda mrefu, midomo inacheza.

"Nyapara yupi, mjukuu wangu?"

Yule binti wa dada yake, aliyekuwa bado mlangoni, akaniambia kwa upole kwamba huku juu hakuna aliyeijua kambi, kwa hiyo bibi hana wa kumsimulia, na mengi yameshamtoka. Nikasema basi nitamsimulia mimi. Nikaanza. Nikamwambia palikuwa na nyapara mkali, nyuki wakamtokea, akakimbia, kambi nzima inamtazama, akajitumbukiza kwenye pipa la maji. Bibi akafungua macho, anatabasamu.

"Ehee? Ikawaje?"

Nikakwama. Sijui ikawaje! Nimesimuliwa hadithi ile mara tatu au nne, na kila ilipofika hapo mimi nilikuwa ama bado nacheka, ama naangalia jua.

Nawaambia wadogo zangu mlio kwenye klabu hizo, mnaovaa vitambaa na kuimba njiani: kama hutaki kwenda, baki bwenini, sema umechoka, hakuna atakayekupiga. Ila ukifika mlangoni kwa mtu, bisha hodi asikie. Akikukaribisha ingia, tua ndoo, kaa, na msikilize mpaka anyamaze mwenyewe. Usiwe kama mimi.

Na kama kuna msomaji aliyekulia kwenye kambi za mkonge za Korogwe, au ana bibi aliyekulia huko, anayejua yule nyapara alitokaje kwenye pipa, naomba aiandike hapahapa gazetini. Bibi bado yuko hai. Kila nikipanda Mpale ananiuliza ikawaje.