Mama Mkwe Wangu Hakula Nyama

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka hadi leo uso unanichoma. Ilikuwa Jumapili mchana, nyumbani kwa mume wangu, nje kidogo ya Bariadi. Mikononi nilibeba bakuli la choroko, nampelekea mama mkwe wangu. Choroko ile ilinukia vizuri kuliko zote nilizowahi kumpikia, na mimi peke yangu nilijua kwa nini.

Nakusimulia kwa sababu nasikia siku hizi vijana wengine mnaacha nyama kwa hiari yenu, na nyumbani mnachekwa. Nasikia pia kwamba wengine wenu mkishaacha mnawatazama wanaokula kama watu wachafu. Basi kaa kitako unisikilize. Mimi niliishi na mtu wa namna hiyo zaidi ya miaka ishirini, na sijaona mwingine kama yeye.

Jina lake Ng'wana Maduhu, yaani binti wa Maduhu, maana ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mwanamke kwa heshima ya baba yake. Alizaliwa Kimali, kule Meatu, kwenye boma lenye ng'ombe wengi. Mimi nilizaliwa Binza, Maswa mjini, baba yangu akiwa na duka dogo la chumvi na sabuni. Kwa duka lile nilijiona mtu wa mjini, Mungu anisamehe. Nilipoolewa na mwanawe, Masanja, nilikuta mama huyu hali nyama ya ng'ombe wala ya mbuzi, hali kuku, hali hata dagaa. Maziwa alikunywa, na mgando aliusukasuka mwenyewe kwenye kibuyu. Chakula chake kilikuwa ugali na majani ya mgagani yaliyopikwa kwa karanga, choroko, dengu, mlenda, na kiangazi michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa.

Hakuna aliyemkataza nyama. Alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, na katekista alikwisha kumwambia kwamba dini haina amri ya namna hiyo. Majirani wengine walinong'ona kwamba ana mwiko wa mganga. Yeye aliwasalimia wote mwangaluka kama kawaida na kupita zake. Kwenye misiba alichota maji na kusonga ugali, akawaachia wenzake sufuria ya nyama. Wakati wa kula alikaa nao na mboga yake, akicheka nao. Sikumsikia hata mara moja akimwambia mtu yeyote kwamba anakula vibaya.

Miaka ile ndiyo soko huria lilikuwa limeingia. Kabla ya hapo pamba yetu ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, na dukani ukikuta sabuni ulishukuru. Mara wakaja wanunuzi binafsi na malori yao na mizani yao. Masanja alijua kusoma na alivijua vijiji vyote, wakamwajiri awanunulie. Bariadi nako bucha zikafunguliwa, na jioni moshi wa nyama choma ulitanda kila kona. Mwanamume aliyefanikiwa alijulikana kwa kifurushi cha nyama alichoning'iniza kwenye usukani wa baiskeli. Masanja alining'iniza karibu kila siku, nami nikaringa.

Sasa ile Jumapili bosi wake alikuwa anakuja kula kwetu pamoja na mkewe. Nilihangaika tangu alfajiri. Kilichonisumbua zaidi ni mama mkwe. Niliona wageni watamkuta na bakuli la choroko wakati sisi tunakula mchuzi wa nyama, watasema huyu mkwe anamnyima mama wa watu. Tena alikuwa mwembamba, na mimi niliamini kabisa kwamba wembamba ule ni njaa ya nyama. Kwa hiyo nikitaka naweza kukudanganya kwamba nilimhurumia. Huruma ilikuwepo, lakini ndogo. Kubwa ilikuwa aibu yangu na ubishi. Nilikuwa nimemwambia jirani yangu kwamba mama yule akilishwa bila kuambiwa hatatambua lolote, na miaka yote hiyo atakuwa amejinyima bure.

Nikachemsha mifupa, nikachuja supu hadi pasibaki hata uzi wa nyama, nikaipikia choroko.

Alipokea bakuli kwa mikono miwili, kama alivyopokea kila kitu. Akala tonge la kwanza. La pili akalishika mdomoni muda mrefu kidogo, kisha akameza. Hakutema, wala hakunitazama. Alilifunika bakuli kwa sahani, akaendelea kuzungumza na mke wa bosi habari za mvua kama vile hakuna kilichotokea. Wageni walikula, wakasifu, wakaondoka.

Baadaye alinifuata uani nilipokuwa naosha vyombo, akachuchumaa karibu yangu.

"Ng'wanone," aliniambia, na neno hilo kwetu ni kama kusema mwanangu, "ile choroko umeipika na nini?"

"Na karanga, mayu," nikajibu, maana mama kwetu huitwa mayu.

Alitikisa kichwa taratibu, akainuka. Hapo ndipo nilipokosa mara ya pili, mwanangu, na hili la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta nyuma ya nyumba yake amepanga mafiga matatu na kuteleka chungu kidogo. Tangu siku hiyo akawa anajipikia. Kama hujaolewa huwezi kujua aibu ile. Mkwe yumo nyumbani, kijana, ana nguvu, na mama mkwe anapuliza moto wake mwenyewe! Wanawake wakipita kwenda kisimani waliuona moshi wa pili na kuangaliana. Masanja alimuuliza mama yake kulikoni, nami nilisimama mlangoni nikisikiliza kwa hofu, maana mume wangu alikuwa mtu wa hasira za haraka. Angeujua ukweli angenirudisha Binza siku hiyo hiyo.

Mama akamjibu kwamba amechoka kula vilivyopoa, anapenda kujipikia vya moto. Akamwambia asiniulize lolote.

Nilielewa kwamba ananilinda. Ungedhani basi nitakwenda kwake kumwomba radhi, lakini sikwenda. Kila siku nilisema kesho. Miezi ikapita hivyo, tukisalimiana vizuri, tukilima pamoja, na mioshi miwili ikipanda kutoka kwenye boma moja.

Ulipofika msimu wa kuchuma pamba nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Masanja alikuwa vijijini kwenye manunuzi, hatumwoni kwa siku kadhaa. Siku moja, jua likiwa kali, nikiwa katikati ya shamba, niliona pamba yote nyeupe inageuka nyeusi. Nilipozinduka kichwa changu kilikuwa kwenye mapaja ya mama mkwe. Jirani mmoja alinipakia kwenye baiskeli hadi hospitali, na mama akatufuata kwa miguu, mwendo wote ule.

Muuguzi alinipima, akasema damu imepungua sana. Alinipa vidonge, akaniambia nile mboga za majani, maharage, choroko, na nikipata, ini. Mama aliuliza maswali mengi kuliko mimi. Aliuliza na habari zake mwenyewe, kama mtu asiyekula nyama naye anaweza kuishiwa damu. Muuguzi alimwambia anaweza, akila ovyo. Akamsifu kwa maziwa, karanga na jamii ya kunde, akamshauri akamulie ndimu kwenye mboga, na chai ya rangi asiinywe pamoja na chakula kwa sababu inazuia mwili usipate kile kinachotengeneza damu. Mama alisikiliza kama mwanafunzi.

Kesho yake nililala mkekani kivulini, sina nguvu. Nikamwona anatoka na kikapu. Alirudi, akawasha moto wake nyuma ya nyumba, na baada ya muda akaja na bakuli lililofunikwa, akaliweka mbele yangu na kulifunua.

"Hili ni ini la ng'ombe," alisema. "Nimelinunua bucha, nimelipika mwenyewe na kitunguu. Sikulionja, kwa hiyo chumvi utaipima wewe."

Mwanangu, nilitazama lile ini, nikatazama mikono yake. Mwanamke ambaye miaka na miaka hakuigusa nyama, ambaye watu wa bucha lazima walimshangaa siku ile, alikuwa amelikata vipande vidogo vidogo ili lisinishinde kutafuna. Na kabla sijatia kitu mdomoni alikuwa amenitajia kilichomo.

Nililia. Nikamwambia, "Mayu, ile choroko ya Jumapili niliipika kwa supu ya mifupa. Nilikudanganya."

"Najua," alisema. "Nilikuwa nakusubiri useme."

Alikaa kwenye mkeka. Ndipo akanipa karipio ambalo sijapata jingine kama hilo, na hakupandisha sauti.

"Ungeniletea nyama waziwazi nikaikataa, tungenuniana siku mbili yakaisha. Ulinilisha kwa kunificha, ukaniona mjinga ndani ya mdomo wangu mwenyewe. Tangu siku ile nikilitazama bakuli lako naogopa. Sikukasirikia supu, ng'wanone. Niliogopa mkono wako."

Kisha akanihimiza nile, ini lisije likapoa. Nililila lote, na chumvi ilikuwa pungufu kidogo. Jioni ya siku hiyo aliyaondoa mafiga yake.

Siku nyingine tukichambua choroko nilimuuliza kwa nini aliacha nyama. Aliniambia kwamba alipokuwa bado mke kijana walikuwa na maksai wa kulimia, na yeye ndiye aliyetembea mbele kumwongoza, msimu baada ya msimu. Maksai alipozeeka miguu ikaisha, wakamchinja, kama watu wote wanavyofanya. Naye alikula kama wengine. "Lakini nilimjua niliyekuwa namla," alisema. "Tangu siku hiyo kila nyama nikiitafuna nasikia namjua." Alisema tu kwamba mumewe alimwelewa, na kwamba hajawahi kumtaka mtu mwingine asikie kile anachosikia yeye.

Nilijifungua salama, mtoto wa kike. Kwa mama yule nilijifunza kupika upya. Nilijifunza kuloweka dengu, kutwanga karanga zikatoa mafuta yake, na kukausha majani ya kunde kwa ajili ya kiangazi. Masanja naye polepole akaacha kuning'iniza kifurushi kila siku. Alianza kwa kulalamika, akamaliza kwa kuomba aongezewe mgagani. Mama aliendelea kwenda shambani hadi uzeeni kabisa, na meno yake aliondoka nayo. Sisemi ni kwa sababu hakula nyama tu, maana pia hakunywa pombe, alitembea sana, na hakuwa na kinyongo. Ila yale maneno yangu kwamba anakufa njaa, yeye aliyakanusha kwa maisha yake marefu. Mimi mwenyewe sijaacha kabisa. Sikukuu wajukuu wakichinja naonja kidogo. Siku nyingine zote nala alivyokula yeye, na mwili wangu unashukuru.

Sasa nasaha yangu ni hii. Ukiamua kuacha nyama, acha kwa sababu unayoijua moyoni mwako, usiache kwa kuiga wenzako wala kwa kuonekana. Ukishaacha, usile ugali na chai ukasema umekuwa mtu wa mboga. Kula kunde, choroko, karanga, majani na matunda, na kama unaacha hata maziwa na mayai, nenda kwa mtaalamu wa afya akueleze utakosa nini na utakipata wapi. Mwenye mimba na mtoto mdogo wasikilize sana hospitali. Usimdharau anayekula, kwa sababu mama mkwe wangu alikaa nao wote na hakupungukiwa na kitu. Na wewe unayekula, yule aliyekataa usimfanyie mzaha wala hila. Mtu akikukabidhi tumbo lake amekukabidhi uhai wake. Mwambie kilichomo kwenye sufuria, hata kama unajua atakataa. Na ukikosea, usiseme kesho kama nilivyosema mimi. Miezi ile niliyoipoteza nikiogopa kufungua mdomo, yeye aliimaliza kwa neno moja, "Najua."

Mungu akujalie damu ya kutosha na meno ya kuzeeka nayo. Akupe watu wa kula nao, wanaokula kama wewe na wasiokula kama wewe. Na mikono yako iwe mikono ambayo mtu akipokea bakuli kutoka kwayo, anakula bila kuogopa.