Stuli ya Mtihani

Nilipokuwa kidato cha tatu, shule yetu iliamua kwamba sisi wa mchepuo wa ufundi tukajifunze useremala kwa mafundi wa mtaani. Sababu tuliyosomewa mstarini ilikuwa ndefu na ilijaa Kiingereza. Sababu ya kweli ni kwamba karakana ya shule ilikuwa na randa moja tu, na hiyo moja iliwekwa ofisini kuzuia mlango usibamizwe na upepo.

Mimi nilipelekwa kwa fundi mmoja kando ya barabara ya Sirari, jioni mbili kwa wiki na likizo nzima. Nilikuwa msichana pekee. Mama alipiga hesabu haraka, akaona mikono yenye sugu itanipunguzia ng'ombe watatu wa mahari, akaenda kushtaki kwa mchungaji. Mchungaji alikuwa anasubiri mabenchi ya kanisa kutoka kwa fundi huyohuyo, kwa hiyo aliniombea heri.

Fundi alikuwa na maringo ya mtu anayeijua kazi yake. Miezi miwili ya kwanza alinipa msasa, akanikataza hata kuigusa patasi, nami nilimchukia kwa moyo wote. Lakini alinifundisha jambo moja. Hakuwahi kukagua kiti kikiwa kimesimama. Alikigeuza miguu juu, akapitisha ukucha kwenye kila kiungo, pale ulimi wa ubao unapoingia kwenye tundu lake. Ukucha ukikwama, kiti kilirudi kwa aliyekitengeneza bila neno. Msumari kwake ulikuwa aibu, mambo ya watu wa ng'ambo ya mpaka, alisema, ingawa mama yake mwenyewe alizaliwa Isebania, ng'ambo hiyohiyo.

Kazi yangu ya mtihani ilikuwa stuli ya mninga, bila msumari hata mmoja, ambayo mwalimu wetu wa ufundi angeikagua na kuipa alama. Niliitengeneza kwa wiki sita. Viungo vitatu vilikaa sawasawa. Cha nne nilikuwa nimelichimba tundu lake likawa pana kidogo, nikaziba pengo kwa unga wa mbao na gundi, nikapiga msasa mpaka nikajidanganya mwenyewe. Niliogopa sana. Nilitaka kuwa fundi, si kupata cheti tu, na sikujua kama kosa lile lilikuwa la kusamehewa au la kunirudisha mwanzo. Ni mtu anayejua kazi tu ambaye angeweza kuniambia.

Hapo ndipo ilipoanza rashi ya dhahabu, watu wakakimbilia machimboni. Ilisemekana mtu mmoja upande wa Serengeti alikuwa anachimba choo, akakuta dhahabu. Ndani ya wiki moja mtaa wetu haukuwa na kinyozi, haukuwa na fundi cherehani, na muuza nyama aliacha buchani mizani na nzi. Fundi wangu aliwacheka kwa siku tatu. Siku ya nne alianza kukata matimba, magogo ya kuzuia kuta za mashimo zisiporomoke, ya mkaratusi mbichi, na kuyagongomea misumari ya inchi tano. Siku ya sita nilikuta karakana imefungwa. Alikuwa amekwenda kuchimba duara lake mwenyewe, shimo la dhahabu, akabeba misumeno, nyundo na stuli yangu.

Shuleni nako tuliambiwa mwalimu wa ufundi anaumwa malaria, wiki ya tatu sasa, tumwombee. Tulimwombea. Muhula ulikuwa unaisha na alama zilitakiwa, basi nikapanda lori la wauza maji kwenda machimboni kuifuata stuli yangu.

Niliuliza duara la fundi wangu nikaonyeshwa. Yeye alikuwa chini shimoni. Juu, kwenye kivuli cha turubai, mtu alikuwa amekaa kwenye stuli yangu akiponda mawe, amejaa vumbi, na afya tele. Alikuwa mwalimu wetu wa ufundi. Nilikuwa nimesahau kwamba ameoa dada yake fundi.

"Shikamoo mwalimu," nilisema.

"Marahaba," alijibu, maana angefanyaje.

Akaanza kunieleza kwamba daktari amemshauri abadilishe hewa. Nikamwambia nimekuja kuchukua stuli ikaguliwe. Alisimama haraka, akajifuta mikono, akatoa kalamu mfukoni na karatasi ya paketi ya sigara.

"Stuli nzuri. Imenibeba siku zote hizi. Sabini na tano."

Niliigeuza miguu juu, nikaiweka mbele yake. Nikamwomba aangalie viungo, hasa cha nne.

"Themanini na tano," akasema, macho yake yakiwa barabarani kuona kama nimekuja na mtu mwingine.

"Mwalimu, hujaangalia."

"Tisini na tano. Na ukifika shuleni, hujaniona."

Niliinama kwenye mdomo wa shimo, nikamwita fundi. Nikamwambia nina stuli, nataka aipitishie ukucha. Alijibu kutoka chini kwamba kucha zake zimekwisha kwenye mawe.

"Inabeba mtu?" akauliza.

Nikasema inabeba.

"Basi."

Niliibeba kichwani mpaka barabarani huku nalia kwa hasira, na wachimbaji walionipita walidhani nimefiwa. Muhula ule niliongoza darasa kwa useremala.