Dakika Arobaini kutoka Frankfurt hadi London

Subira yangu ilikatika angani, baada ya Frankfurt na kabla ya London, mshale wa mtungi wa oksijeni ulipogusa sifuri na midomo ya mwanangu Salma ikaanza kuingia buluu. Nilipiga kelele abiria wote wakageuka.

Salma alikuwa na miaka miwili na tundu moyoni. Daktari wa Muscat aliandika: apasuliwe London, na akiwa angani asikose oksijeni. Tiketi na mitungi ikaachiwa ofisi moja ya safari pale mjini kwetu Ibra, Omani.

Ibra, wiki moja kabla. Karani, Mzanzibari kama sisi, alinionyesha karatasi: kuondoka Frankfurt saa tatu asubuhi, kufika London saa tatu na dakika arobaini.

"Kipande hicho mtungi mdogo mmoja unatosha," alisema.

"Masafa gani?"

"Kama kilomita mia sita na hamsini."

"Kwa dakika arobaini?"

"Mama Salma, hiyo ndege, si pikapu ya shemegi yako!"

Wenzake wakacheka. Nami niliyemaliza sekondari, nikanyamaza. Hilo sijajisamehe mpaka leo.

Alfajiri ya safari, shemegi yangu Nasser alitupeleka Muscat, maana mume wangu alikuwa kazini Sur. Toka Muscat mpaka Frankfurt mitungi mikubwa ilitosha, Salma akalala.

Frankfurt, theluji. Tukabadilisha ndege na mtungi wetu mdogo.

Dakika arobaini zikapita, chini mawingu matupu. Mshale ukashuka. Nilipopiga kelele, mhudumu alikuja mbio na mtungi wa dharura wa ndege. Rangi ilimrudia mwanangu polepole, na mimi mkono kifuani pake nahesabu pumzi. Ndipo mhudumu akanieleza: saa za London ziko nyuma ya saa za Ujerumani kwa saa moja, na tiketi huandika saa ya kila mji. Safari ile ni saa moja na dakika arobaini. Nilijifunza hapo kwamba saa ya ukutani haikwambii mtoto atapumua kwa muda gani.

London walimpasua. Akapona, alhamdulillahi.

Ibra tena. Siku ya pili baada ya kurudi nilikwenda ofisini, Salma kiunoni.

"Mtoto si mzima?" karani akasema. "Sasa kelele za nini, bibie?"

"Nani mwengine mmempa karatasi hii?"

Akapekua daftari. "Mzee mmoja wa mji wa Adam, mgonjwa wa mapafu. Anaondoka Jumamosi."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilimwita Nasser aniandikie barua ya mashitaka kwa Kiarabu nikimtajia maneno, twende nayo kwa liwali. Aliandika "imetokea bahati mbaya." Mimi Kiarabu cha ofisini sikijui, lakini herufi nazisoma, na maneno hayo nayajua.

"Futa. Andika wamekosea."

"Shemegi, tunaishi na watu hawa."

"Na mzee wa Adam naye anataka kuishi. Futa."

Akafuta. Nikatia sahihi kwa jina langu, si la mume wangu:

"Mimi, mama wa Salma, naishitaki ofisi hii ya safari. Wamempa mgonjwa oksijeni ya dakika arobaini kwa safari ya saa moja na dakika arobaini. Niliwauliza, wakacheka. Wamekosea. Mzee wa Adam anaondoka Jumamosi kwa hesabu hiyo hiyo. Naomba asipande ndege mpaka apewe mitungi ya kumfikisha, na barua hii igongwe muhuri leo, mimi nikiwa nimesimama hapa."