Vidudu vya Mluzi

Nikiwa mtoto sikujua kupiga mluzi, na kwetu, upande wa Iguguno, mchungaji asiye na mluzi ni sawa na mpishi asiyeweza kuwasha moto. Ng'ombe wetu walizoea kunyweshwa kwa mluzi: mrefu, wa taratibu, unaoshuka mwishoni, wa kuwaambia kwamba hapa ni salama, inamisheni vichwa. Bila huo walisimama ukingoni mwa dimbwi wakitazamana kama wageni waliokuta mlango umefungwa.

Baba hakuwa na mtoto wa kiume. Kijana aliyekuwa akituchungia alipoondoka, nilipewa fimbo kwa majaribio wakati wa likizo. Masharti yalikuwa wazi. Ng'ombe wakishiba na kunywa vizuri mkononi mwangu, ningebaki. Wakidhoofu, baba angetafuta mchungaji mwingine, nami ningepelekwa Manyoni kumlelea shangazi mtoto na kusoma hukohuko. Shangazi sikumchukia. Lakini nyumba yake nilikuwa nimeiona, imebanwa kati ya ukuta na reli, na mimi nilikuwa mtoto wa mbuga, wa mahali ambapo jicho linakwenda mpaka linachoka lenyewe.

Ntandu, mtoto wa baba mkubwa, alinikuta nimechongoa midomo mbele ya ng'ombe, natoa pumzi tupu.

"Unawaita au unawapozea uji?" akaniuliza.

Alipomaliza kucheka alinipa dawa yake. Vipo vidudu vyeusi, vidogo, vinavyong'aa kama mbegu za alizeti zilizopakwa mafuta, ambavyo huzunguka juu ya maji kwa makundi, mbio mbio, bila kugongana na bila kuzama. Mshike mmoja, umweke kwenye ncha ya ulimi, akung'ate. Mluzi utakuja.

Sikumwamini, nikaenda kwa bibi. Bibi, ambaye Jumapili hakosi kanisani mpaka leo, hakucheka. Alisema hata baba aliupata mluzi wake hivyo, katika dimbwi lile lile letu, na akaniongezea sharti: nikishang'atwa nimrudishe majini akiwa hai.

"Ukimuua, umeua mluzi wa nyumba nzima."

Basi nikaenda kuwatafuta. Dimbwi letu hubaki katikati ya mbuga mvua zinapokatika, na nilikumbuka jinsi lilivyokuwa nilipokuwa mdogo zaidi: kereng'ende wakichovya mikia majini, konokono wamejipanga kwenye mabua ya matete, vile vidudu vya miguu mirefu vinavyotembea juu ya maji kama juu ya sakafu. Siku hiyo nililizunguka lote. Maji yalikuwa kimya. Niliona vidudu vichache vya miguu mirefu pembeni, na viluwiluwi vya mbu, vingi, vikijinyonganyonga kwenye utando wa kijani. Cheusi kinachozunguka hakikuwepo hata kimoja.

Niliporudi na habari hiyo, nyumba haikuipuuza, na hili nataka lieleweke, kwa sababu nimekutana na wengi mjini wanaodhani watu wa mbuga hawaoni. Bibi aliacha kupeta mtama. Baba alikwenda kujionea mwenyewe, akarudi, akawaita wazee. Jioni yake wazee walikubaliana kwamba dimbwi limefungwa, kwamba ndiyo maana ng'ombe wanakunywa kwa kusitasita, na kwamba litafunguliwa kwa kondoo mweusi, kama tunavyoombea mvua.

Kondoo akapatikana. Na kwa kuwa mifugo haipelekwi mahali pa maombi ikiwa na kupe, siku moja kabla, baba na jirani zake waliwaogesha ng'ombe wote pale pale ukingoni, kama walivyozoea, maana josho lilikuwa mbali na bovu. Walipuliza dawa mpaka migongo ikatiririka. Walipomaliza walisuuza mabomba yao dimbwini. Povu jeupe likatanda polepole, likapita chini ya matete. Ng'ombe wakaingia kupoza matumbo, nao wakavuja dawa yao humo humo.

Nilikuwa nimesimama na fimbo yangu. Vidudu vichache vya miguu mirefu vilivyokuwa vimebaki vililegea mbele ya macho yangu, vikalala ubavu.

Nilimwambia baba kwamba ni dawa inayowaua. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Dawa ni ya kupe, mama," alisema. "Kupe haishi majini."

Kesho yake kondoo alichinjwa vizuri, kwa heshima zote.

Nikavuka kilima hadi dimbwi walilonyweshea akina Ntandu, ambako watu hawakuwa na mabomba. Wale weusi walikuwepo, kundi zima, wanazunguka utadhani kuna ngoma chini ya maji. Ntandu akanishikia mmoja. Nikamweka ulimini, akaning'ata, uchungu mdogo mkali, macho yakanijaa machozi, nikamrudisha majini. Nilijaribu njia nzima, na karibu na mashamba ya alizeti mluzi ukatoka, mwembamba, uliopinda, lakini mluzi. Kama ni kidudu au ni kule kujaribu bila kuchoka, sijui, wala sina haja ya kujua.

Niliupiga siku hiyo hiyo mbele ya ng'ombe wetu. Wakainamisha vichwa, wakanusa maji, wakainua vichwa.

Hapo ndipo nilipoamua kuonyesha badala ya kusema. Nilirudi kwa akina Ntandu na kidumu, nikateka wale weusi kadhaa pamoja na maji yao, nikamwita baba aje dimbwini. Nilimwaga mbele ya miguu yake. Walianza kuzunguka kama kawaida yao. Mzunguko ukawa mpana, kisha wa kuyumba, kisha mmoja baada ya mwingine wakageuka matumbo juu, miguu ikichezacheza. Nilimtazama baba usoni, nikiwa na uhakika kwamba sasa ameona.

Aliona. Alivua kofia.

"Wamekataa," alisema. "Si wa hapa."

Likizo ilipokwisha nilipelekwa Manyoni. Ng'ombe walikuwa wamekonda, na ahadi ni ahadi.

Nimekaa na hasira hiyo miaka mingi, na kwa muda mrefu niliielekeza kwa kondoo mweusi. Nilipofika chuo nilidhani nimepata silaha dhidi ya maombi yale. Lakini kadiri ninavyokua ninaona kwamba imani ile ndiyo iliyotufanya tutazame maji. Bila mluzi, nani angejali kidudu cha ukubwa wa mbegu? Tulijua wameondoka, tuliumia, tulitoa mnyama wetu. Mkono uliomwaga dawa ndio tulioshindwa kuuona, kwa sababu ulikuwa mkono wa mtu anayewapenda ng'ombe wake, na wasipoogeshwa, ndigana, homa ya kupe, huwamaliza ndama.

Kiangazi kilichopita nilikwenda nyumbani, nikamkuta baba akisuuza bomba. Nilimwamkia, nikakaa naye kwenye nyasi, nikamweleza yote taratibu, bila ukali: kupe na kidudu cha maji ni ndugu kiasi gani, dawa moja inavyowapata wote, na mbu wanavyobaki kutawala pakikosa wa kuwala. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza, alikubali.

"Basi niambie nisafishie wapi."

Nikasema ateke maji kwa ndoo, akasuuzie kule juu, mbali, kwenye udongo mkavu. Akainuka pale pale, akachota, akaondoka na bomba lake begani, mzee mtiifu kuliko nilivyotarajia. Nilihisi ushindi, nao ulidumu mpaka alipogeuka na kunionyesha kwa kidevu.

Ng'ombe walikuwa wameingia dimbwini, maji yamewafika tumboni, dawa bado mbichi migongoni.

"Na hao?" akauliza, bila kejeli. "Hao niwanyweshe wapi?"

Niliitazama mbuga yote, hadi pale jicho linapochoka. Hapakuwa na maji mengine.