Mkasi wa Wifi Ugenini

Jumanne, tarehe 11 Machi. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kuingia mifupani.

Siku hiyo Wifi yangu, fundi cherehani katika nchi ya watu, aliukuta mkasi wake juu ya rundo la maboksi yaliyokatwakatwa, makali yamejaa vumbi la karatasi. Mkasi huo mama yake aliutumia maisha yake yote, na haukuwahi kugusa hata gazeti. Mkasi wa kitambaa ukishakata boksi, makali yake yamekwisha.

"Nani kachukua mkasi wangu?"

"Mimi, dada," alijibu mpiga pasi, mtu mnene, mchangamfu, ambaye karakana nzima ilimwita Mvuke. "Nilikuwa nafungua mzigo."

"Bila kuniuliza?"

"Nikuulize nini? Si ulikuwa mezani?"

Wenzao wakacheka, wala si kwa ubaya. Ndivyo walivyoishi kule. Walivaliana makoti, wakanyweana chai. Wifi alikulia nyumba ambamo hata sindano ilikuwa na mwenyewe.

Mchana alipokata gauni la bibi harusi, mkasi uliitafuna satini. Bosi akautazama ukingo ulionyofoka, akamnyang'anya kazi, akampa fundi mwingine. Lilikuwa gauni lake la kwanza tangu afike, na alikuwa ameliomba weee! Akarudishwa kupinda suruali.

"Wifi, nitamkomesha," aliniambia kwenye simu. "Haki ya Mungu, nitamkomesha."

Kesho yake jioni alivaa viatu vya Mvuke, vya ngozi, vipya, vilivyovuliwa mlangoni, akaondoka navyo akikanyaga kila dimbwi aliloliona. Asubuhi akaviweka mbele ya Mvuke, vimevimba maji na rangi imebabuka. Akasubiri moto uwake.

Mvuke, aliyekuwa amerudi kwake na ndara, aliangua kicheko. "Loo, dada! Kumbe miguu yetu saizi moja! Sasa umekuwa mwenzetu."

Wifi alinipigia akilia kwa hasira. Utamkomoaje mtu asiyeumia? Nikamwambia ayaache yaishe.

"Yaishe? Na gauni langu je?"

Akaanza kumchunguza Mvuke kimyakimya, aingiapo na atokapo. Alasiri moja iliyokuwa na wingu zito, alisogea penye dirisha, karibu na meza ya pasi, ili aone tundu la sindano. Mvuke akaiweka pasi chini. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Toka hapo."

"Natunga uzi tu, kaka."

"Hapo ni pangu. Toka."

Hakuna aliyecheka. Mshona vifungo alimvuta Wifi pembeni. "Shoga, vitu chukua utakavyo. Mahali pa mtu hapaguswi. Hata bosi hapiti pale."

Wifi akamshukuru sana. Alinipigia akiwa njiani kurudi, sauti imechangamka kuliko siku zote tangu aondoke. "Nimempata," akasema. Nilijaribu kumsihi, akakata simu.

Asubuhi iliyofuata alikuwa wa kwanza kuingia. Alichomoa waya wa pasi, akaisukuma meza ya Mvuke hadi kwenye mlango wa choo, akakokota cherehani yake mpaka dirishani, akaketi. Mvuke alipofika, alisimama katikati ya chumba na koti mkononi, mdomo wazi.

"Dada..."

"Sogea kidogo, kaka," Wifi akamwambia bila kuinua macho. "Unanizibia mwanga."