Ngwe ya Mgonjwa

Kwetu Mollo kila mtu hulima ngwe yake. Mama alikuwa akiipima kwa kamba, anachomeka kijiti, kisha anasema, "Ukifika hapo, umemaliza." Ukiwa na homa, bila hata kuombwa, anakisogeza kijiti karibu. Mgonjwa hupunguziwa ngwe. Hiyo ndiyo huruma niliyokulia.

Mjini Sumbawanga nilipata kazi kwa miguu, si kwa kichwa. Shirika la umma lilitaka mkimbiaji wa mita mia kwa michezo ya wafanyakazi, likaniandika karani wa ghala. Kalamu niliishika kwa nadra. Halafu siku moja nikiwa mbioni msuli wa nyuma ya paja ukachanika. Karibu miaka miwili nilikuwa nachechemea, na humo humo shirika likaanza kutafutiwa mnunuzi. Watu wakapunguzwa. Bosi wa utumishi akaniita.

"Binti, karani asiyejua ukarani sina pa kumweka. Kantini kuna nafasi ya kuosha vyombo, ichukue. Au kimbia mashindano ya mkoa. Mnunuzi anapenda michezo, ukishinda utabaki. Ukishindwa, kantini huna na ghala huna."

Nikaomba wiki sita nijipime kwanza. Nikapima kamba ya katani ya ghalani kwa futi ya chuma, mita mia kamili, nikaibeba hadi Mollo. Kila alama tuliyoweka ng'ombe waliipiga teke, kwa hiyo kila alfajiri mama aliitandaza kamba upya kando ya barabara, akasimama mwisho na saa ya kubonyeza. Namba zake hakuzijua. Kubonyeza alijua.

Wiki nne za mwanzo nilitia aibu. Nikikaribia mwisho paja lilikaza, nikawa nafika nalia machozi ya kweli. Kisha asubuhi moja muda ukashuka ghafla. Nikarudia, vilevile. Kesho yake vilevile. Nilimkumbatia mama tukazunguka pale barabarani tukicheka, wapita njia wakidhani tumechanganyikiwa. Nikarudi mjini na ile kamba, nikamwambia bosi kantini ampe mwingine. Kiburi kilinijaa, nisiseme uongo.

Siku ya mashindano upepo wa Julai ulikuwa unakata masikio. Nilitangulia. Jamani, nilitangulia, waliokuwepo waliona! Lakini hatua chache kabla ya utepe mwili ukaachia wenyewe, kama kazi imekwisha. Wakanipita wanne.

Wiki iliyofuata nikawa nakabidhi vitu vya ghala. Mzee aliyevipokea akaipima ile kamba, akaipima tena.

"Tisini na mbili," akasema. "Nane nyingine ziko wapi?"

Nikapanda gari la Mollo siku hiyo hiyo.

Nilipofika nyumbani nilimkuta ndama amefungwa kwa kipande cha katani. Mama alikuwa uani anapepeta ulezi. Hata shikamoo sikutoa.

"Mama, ile kamba uliikata?"

"Niliikata," akasema, wala hakushtuka. "Wiki ile ulipokuwa unalia sana. Nikaona unaumia pale mwishoni, nikakupunguzia. Si ukaanza kufika vizuri?"

Hasira ilinipanda. Nilitaka kumwambia kuhusu kantini, kwamba kuna mwanamke sasa hivi anaosha sahani zangu. Nikaviona viganja vyake, vilevile vilivyonikanda paja kwa maji ya moto miaka yote ile, nikayaacha hayo.

"Mama," nikasema, "kule hawapunguzi ngwe."

Akauweka ungo chini.

"Hata kwa mgonjwa?"

"Hata kwa mgonjwa."